Mume wangu anakohoa wiki ya tatu. Kipimo gani ni bure, na tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Msangamkuu, ng'ambo ya mji wa Mtwara. Mume wangu ni mvuvi. Alirudi kutoka dago, yaani kambi ya wavuvi, akiwa anakohoa, na sasa ni wiki ya tatu. Jioni homa inampanda, usiku jasho linamtoka mpaka shuka linalowa. Majirani wengine wanasema korona imerudi, wengine wanasema kifua kikuu, na bibi yake anasema ni upepo wa bahari tu. Tumenunua dawa duka la dawa mara mbili. Anapata nafuu siku mbili tatu, kisha kikohozi kinarudi palepale. Hospitali hataki kwenda. Anasema shemeji yake alipimwa korona mwaka 2021 akatozwa hela nyingi, na anaogopa wakimkuta na ugonjwa wa kuambukiza watamfungia. Ni kweli vipimo hivi ni bure? Tuanzie wapi? Sote tunalala chumba kimoja, na mtoto wetu mdogo ana miaka 3.

JIBU: Marahaba, dada yangu, ingawa umenipandisha cheo. Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa maabara, yule anayekaa nyuma ya dirisha dogo akipokea vikopo, na nimevipokea miaka mingi huku Kusini. Kwa swali lako hilo si hasara, maana jibu la mumeo limo ndani ya kikopo.

Nianze na la pesa kwa kuwa ndilo linalomzuia. Kupima makohozi kutafuta kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali, na vilevile katika hospitali za mashirika ya dini zinazofanya kazi hiyo pamoja na Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma. Akikutwa nacho, dawa ni bure tangu kidonge cha kwanza hadi cha mwisho. Magonjwa ya mlipuko nayo yamo katika msamaha huohuo: serikali ilipoanza uchangiaji wa gharama hospitalini mwaka 1993, wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na milipuko kama kipindupindu waliachwa nje ya malipo. Sababu yake si huruma peke yake. Mgonjwa wa namna hiyo akikosa hela akabaki nyumbani, wanaoumia ni mtaa mzima.

Sasa huyo shemeji. Hebu mwulizeni: mwaka ule alikuwa anaumwa, au alikuwa anasafiri? Ninauliza kwa sababu wakati wa korona kulikuwa na milango miwili, na watu wengi mpaka leo wanaichanganya. Mtu mwenye homa na kikohozi aliyefika hospitali akashukiwa, sampuli yake ilichukuliwa kwa gharama za serikali. Aliyetaka cheti cha kusafiri nje ya nchi ndiye aliyelipia, tena kwa viwango vilivyohesabiwa kwa dola. Mtu akirudi kijijini akisimulia "nimepimwa korona, nimelipa laki kadhaa", anayemsikiliza haulizi ni mlango upi. Chanjo ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera, ilitolewa bure na kwa hiari. Hata hivyo nilikutana na wazee waliokuja na pesa wamezifunga kwenye pindo la kanga, wakiamini lazima kuna mahali watadaiwa.

Kuna na jambo jingine linalokaa kimya kwenye mioyo ya watu, nalo ni kutokuamini maabara. Mei 2020 hayati Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara zikarudi na korona. Tangu siku hiyo sijui nimetaniwa mara ngapi dirishani kwangu: "Fundi, usije ukanipa majibu ya papai." Ninacheka nao. Halafu ninawaeleza kwamba kila kipimo kinaweza kukosea, na ndiyo maana kila siku tunaendesha sampuli ambazo majibu yake tunayajua kabla ya kugusa za wagonjwa. Kipimo kikituhumiwa, dawa yake ni kurudia kupima. Kuacha kupima hakujawahi kumponya mtu.

Turudi kwa mumeo. Mimi simpimi kwa maandishi, lakini nikisoma ulichoandika ninaona kikohozi cha wiki tatu, homa za jioni, jasho la usiku la kulowesha shuka, na kulala dago pamoja na wavuvi wenzake wakibanana. Kila mhudumu wa afya nchini akisikia hivyo anatakiwa kuwaza kifua kikuu kwanza. Korona kwa kawaida huwa imeshamwachia mtu, au imeshamlaza, kabla ya wiki ya tatu, ingawa kikohozi kinaweza kubaki nyuma. Angalieni na mengine mawili: suruali zinampwaya? Makohozi yana michirizi ya damu? Hata kama jibu ni hapana kwa yote, bado apimwe. Wiki mbili za kukohoa zinatosha.

Zile dawa za dukani zisimdanganye. Duka la dawa muhimu ni msaada mkubwa kwa homa na kuhara, sina ugomvi nalo, lakini kifua kikuu hakitibiwi kwa chupa ya dawa ya kikohozi wala kwa dozi ya siku tano. Zipo antibiotiki ambazo hukipoza kidogo, mgonjwa akajiona mzima, kisha hata maabara ikapata taabu kukiona. Hiyo nafuu yake ya siku mbili tatu mwelezeni mhudumu, na mpeleke maboksi ya dawa alizokunywa. Msiyatupe.

Mnaanzia wapi? Anzeni karibu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chenu ana kazi ya kuwauliza watu maswali haya haya na kuwapeleka wanaokohoa. Mwambieni, hata kama ni jirani yenu na mnaona haya. Kisha zahanati. Pengine mtaambiwa "hapa hatuna mashine", na hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Jibu la kumpa mhudumu kwa heshima ni hili: "Tunaomba uchukue makohozi myapeleke." Zahanati isiyo na mashine haizuiwi kuchukua sampuli na kuituma kituo chenye mashine, na kazi hiyo inafanyika kila wiki. Makohozi ndiyo yapande pantoni, mgonjwa abaki upande wake. Ndivyo ugonjwa wowote mkubwa unavyopimwa. Mwanzoni mwa korona sampuli za Kusini zilisafirishwa mpaka Dar es Salaam, tukakaa tunasubiri majibu. Januari 2025 ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipotokea Biharamulo, Kagera, sampuli zilipimwa kwenye maabara tembezi ya Kabaile, kisha zikathibitishwa Dar es Salaam. Kule Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wapo hata panya buku waliofunzwa na shirika la APOPO kunusa makohozi na kuonyesha yenye kifua kikuu. Vikopo vinatoka kliniki za mbali vinawafuata panya. Kwa hiyo "hatuna mashine" ni habari ya jengo lile. Haimaanishi mumeo hawezi kupimwa.

Mkishindwa kabisa hapo, vukeni. Mkishuka upande wa mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula si mbali, bajaji au bodaboda atawafikisha. Ulizeni kliniki ya kifua kikuu moja kwa moja, msikae foleni ya kila mtu; na mhudumu wa getini mwambieni wazi kwamba mgonjwa anakohoa wiki tatu, kwa sababu anayekohoa anatakiwa kutangulizwa na kukaa penye hewa. Mjini kuna pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, lakini hiyo ni ya kupewa rufaa, msianze nayo. Wanaosoma hapa kutoka Masasi wana Mkomaindo na Ndanda, wa Lindi mjini wana Sokoine, wa upande wa Mtama wana Nyangao. Kivukoni mumeo akae nje upande upepo unakotoka kwake kwenda baharini, na avae barakoa au afunike mdomo kwa kitambaa. Anayejali wenzake hana cha kuonea haya.

Sasa kikopo. Naomba hapa unisikilize kwa makini, kwa sababu nusu ya vikopo nilivyowahi kurudisha vilirudi kwa kosa moja: vilikuwa na mate.

Kuna mzee mmoja, mkulima wa korosho, nilimkabidhi kikopo akaenda nyuma ya jengo letu chini ya mkorosho. Baada ya dakika moja karudi, kikopo kimejaa maji meupe yenye povu. Nikamwambia, baba, hayo ni mate. Akakasirika: "We kijana, mate yangu na makohozi yangu vyote si vinatoka mdomo huu huu?" Tukatoka wote. Nikamwomba asukutue mdomo kwa maji matupu, asimame wima, avute pumzi ndefu mpaka kifua kijae, aishikilie kidogo, aiachie. Tena. Mara ya tatu akohoe kutoka chini, tumboni, kama mtu anayetaka kusukuma ngalawa iliyokwama mchangani. Akakohoa mpaka akashika mti. Kilichotoka kilikuwa kizito, cha rangi ya kijani iliyofifia, kinavutika, kiasi cha kijiko kidogo cha chai. Kile ndicho nilichokuwa ninakitaka. Mate yake yangeniambia hana ugonjwa. Makohozi yake yalisema anao. Mtu yuleyule, asubuhi ileile.

Kwa hiyo mumeo afanye hivyo, nje ya nyumba, mbali na watoto, na upepo usiwaelekee watu. Kwa kawaida ataombwa sampuli mbili: moja palepale kituoni, nyingine ya asubuhi anapoamka kabla hajala, maana usiku kucha makohozi hujikusanya. Akifunge kikopo kwa nguvu, kikae kivulini, kifike kituoni mapema siku hiyo hiyo. Jua la huku kwetu likikipiga ndani ya mfuko wa rambo juu ya bodaboda, kinaharibika. Mashine ya jini (GeneXpert ndilo jina lake, lakini wengi tunaiita hivyo) ikishawekewa sampuli hutoa jibu kwa takribani saa mbili, na inasema mambo mawili: kama vijidudu vya kifua kikuu vipo, na kama vimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huu. Lakini foleni ya vikopo ni ndefu, kwa hiyo ulizeni siku ya majibu na muache namba ya simu inayopatikana. Simu ikizimwa kwa kukosa chaji, mgonjwa anapotea. Hili limewahi kunitokea na halijanitoka moyoni.

Nilisema bure. Sasa niseme kisicho bure, ili msipigwe na mshangao dirishani. Kufungua faili au kumwona daktari kunaweza kutozwa. Picha ya eksirei ya kifua mara nyingi ndiyo inayogeuka bili. Vipimo vingine vya damu, dawa za maradhi mengine, nauli, chakula cha siku: hivyo viko mfukoni mwenu. Kama mna kadi ya bima ya afya, nendeni nayo. Kama hamna kitu kabisa, mtendaji wa kijiji anaweza kuwaandikia barua, na hospitalini mnaomba kuonana na Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya msamaha. Ombeni kabla ya huduma. Ukishapewa bili mkononi, mazungumzo huwa magumu zaidi. Na mtoto wenu wa miaka 3 kwa sera ya afya hatakiwi kulipia matibabu katika kituo cha serikali, kwa kuwa yuko chini ya miaka 5.

Na mtu akiwadai hela ya kikopo au ya kupima makohozi? Niliwahi kufanya kazi mahali, sipataji, ambapo mlinzi alikuwa anauza vikopo vyetu wenyewe kwa shilingi 1,000 kimoja. Tulikuja kujua baada ya bibi mmoja kurudisha chake akidai chenji. Kwa hiyo yanatokea. Msigombane. Ombeni risiti ya serikali yenye namba ya malipo. Anayekula rushwa hupoa hapohapo. Asipopoa, nendeni kwa Mganga Mfawidhi wa kituo, na juu yake yuko Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa halmashauri yenu. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199, inapigwa hata simu isipokuwa na salio. Tuliizoea wakati wa korona, lakini haikuwa ya korona tu.

Hofu ya mumeo ya kufungiwa nayo ina chanzo. Watu waliona wasafiri wakiwekwa karantini mwaka 2020, na wagonjwa wa kipindupindu huwekwa kambini mpaka kuhara kukome. Kifua kikuu cha kawaida hakifungii mtu. Anapewa dawa, anarudi nyumbani Msangamkuu, anakula na familia yake. Hakiambukizwi kwa sahani, kikombe, kupeana mkono wala kulala kitanda kilicholaliwa. Kinapita hewani, mgonjwa anapokohoa, kucheka au kuimba ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Basi tangu leo, kabla hata ya majibu, fungueni madirisha mchana kutwa, mapazia juu. Mumeo kama anaweza alale barazani au chumba kingine, afunike mdomo akikohoa, makohozi ayateme kwenye kopo lenye mfuniko, yasitemwe mchangani. Akishaanza dawa zinazomfaa, baada ya wiki mbili hivi uwezo wa kuambukiza huwa umeshuka sana. Sahani yake msimtengee. Nimeona wanaume wakiacha dawa kwa uchungu wa sahani.

Akikutwa nacho, wewe na watoto wote mchunguzwe, bure pia. Wenzake wa dago vilevile, hata kama watanuna. Mdogo ndiye ninayemfikiria zaidi. Chanjo ya BCG aliyochomwa begani alipozaliwa inamkinga dhidi ya kifua kikuu kikali cha watoto, kile cha ubongo na cha kusambaa mwilini, lakini haimzuii kabisa asiambukizwe. Mtoto wa umri wake mara nyingi hawezi kutoa makohozi, na dalili yake huwa ni kutokuongezeka uzito, kulegea, kutotaka kucheza. Akichunguzwa akaonekana hana ugonjwa, atapewa dawa kinga ili ugonjwa usije kumwibukia baadaye. Usizikatae kwa kusema "mbona mwanangu mzima". Anapewa kwa sababu ni mzima. Mumeo pia atashauriwa kupima VVU, kwa hiari na bila malipo. Haina maana kwamba wanamshuku tabia, kila mgonjwa wa kifua kikuu hushauriwa.

Dawa ni za miezi 6. Miwili ya kwanza vidonge vina dawa nne ndani yake, minne inayofuata dawa mbili. Siku ya kwanza mkojo utageuka rangi ya chungwa. Mwambie mapema, asije akadhani anakojoa damu akazitupa. Mwezi wa pili atanenepa, kikohozi kitakatika, na hapo ndipo wavuvi wengi wanapoondoka. Akitaka kurudi dago, aage kliniki kwanza: atapewa dawa za kutosha au karatasi ya uhamisho ili azichukue kituo cha huko aendako, iwe Kilwa, iwe Mafia. Uraka na nipa aviweke kando miezi yote sita, kwa sababu dawa hizi na pombe hukutana kwenye ini. Akiona macho yanakuwa ya njano, arudi kliniki siku hiyo hiyo. Msimamizi wa kuhakikisha anameza uwe wewe.

Na kama majibu yatasema hana? Msifurahi mkanyamaza. Kikohozi kikiendelea, ombeni daktari amwangalie tena, arudie makohozi, apige picha, na wakati huo ndipo korona, nimonia, pumu na mengine yatakapotafutwa kwa utulivu.

Pantoni ya asubuhi huwa na nafasi. Mpeleke na huyo mdogo, usiisahau kadi yake ya kliniki: uzito wake wa miezi iliyopita umeandikwa humo, na ndio kitu cha kwanza mhudumu atakachotaka kuuona.